Umeme wa Jinja, Minara ya Tororo na Jua la Nabuyoga

Ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi askari wa jeshi na wa polisi mnaotusikiliza makambini, vituoni na kwenye vizuizi vya barabarani.

Juma la mwisho la mwezi Aprili mwaka 1954 lilikuwa na mambo mawili ambayo siku zile hakuna aliyeyatia katika mizani moja. Tarehe 25, wataalamu wa Bell Laboratories katika jimbo la New Jersey, Marekani, waliwaonyesha watu kipande chembamba cha silikoni kilichogeuza mwanga wa jua kuwa umeme. Kilikuwa kitu dhaifu. Kati ya mwanga wote ulioangukia juu yake hakikuweza kugeuza zaidi ya asilimia 6 hivi, na kazi kiliyopewa siku hiyo ilikuwa kuzungusha bembea ndogo ya kuchezea watoto na kuendesha kipeleka sauti kidogo cha redio. Siku nne baadaye, tarehe 29 Aprili, hapa kwetu Jinja, Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza alifungua bwawa la Owen Falls, mahali ambapo mto Nile unatoka katika ziwa Viktoria. Bwawa hilo lilikuwa limeandaliwa mitambo kumi, kila mmoja wa megawati 15.

Kwa mtu wa mwaka 1954, bembea ya kuchezea na bwawa la megawati 150 havikuwa vitu vya kulinganishwa hata kwa mzaha. Lakini historia haina haraka. Ukienda leo Nabuyoga, katika wilaya ya Tororo, upande wa Padhola, utakuta kwamba nyumba nyingi zilipata taa yao ya kwanza kutoka kwa mtoto wa ile bembea, wala si kutoka bwawani Jinja. Jioni hii tutazame ilikuwaje ikawa hivyo, maana jambo lenyewe linagusa kazi yenu moja kwa moja.

Wazo la kuifunga Nile lilikuwa la zamani. Winston Churchill, alipopita Uganda mwaka 1907 akiwa kijana katika serikali ya Uingereza, aliyaona maporomoko yale, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1908 alieleza jinsi maji hayo yangeweza kuzungusha mitambo. Yalipita maneno, ikapita miaka arobaini. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ikiwa imeishiwa fedha na ikihitaji pamba, shaba na mazao ya makoloni yake, ndipo wazo hilo lilipotolewa kabatini. Mwaka 1947 mhandisi Charles Westlake alitoa taarifa yake juu ya umeme wa Uganda, mwaka 1948 Uganda Electricity Board ikaundwa, na mwaka 1949 ujenzi ukaanza.

Hata hivyo mkoloni hakuweza kujenga kabla ya kuzungumza na Misri. Nile ni uhai wa Misri, na kila aliyegusa mlango wa mto huo aligusa shingo ya nchi ile. Kwa makubaliano ya Uingereza na Misri, bwawa liliinuliwa mita moja zaidi ili ziwa lenyewe liwe ghala la maji, Misri ikalipia, na mhandisi wa Kimisri akawekwa Jinja kuangalia ni maji kiasi gani yanaachiwa kila siku. Askari aliyelinda daraja lile tangu siku ya kwanza alikuwa akilinda, pamoja na umeme wa Uganda, amani na nchi iliyo maelfu ya kilomita kaskazini. Sijui kama aliambiwa hivyo.

Basi umeme ukapatikana. Swali likawa: utakwenda wapi?

Sehemu ilikwenda kwenye kiwanda cha nguo cha Nyanza Textile pale pale Jinja. Sehemu ilikwenda kuyeyusha shaba iliyoletwa kwa reli kutoka Kilembe kuanzia mwaka 1956. Sehemu ilisafiri kwa minara ya chuma kwenda mashariki hadi Tororo, kwenye kiwanda cha saruji kilicho karibu na ule mwamba ambao kila askari aliyepita kambi ya Rubongi anaufahamu. Lakini kwa Tororo safari haikuishia kwenye saruji. Mwaka 1954 huo huo, huko Kenya iliundwa kampuni iliyoitwa Kenya Power Company, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kujenga njia ya umeme kati ya Tororo na Nairobi. Mwaka 1955 yakafanywa makubaliano ya muda mrefu, na mwaka 1958 nyaya zikafika Nairobi, zikiwa na haki ya kuchukua megawati 30 kutoka Jinja.

Ikumbukwe Kenya ilikuwa katika hali gani. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952 na haikuondolewa mpaka mwaka 1960. Kikosi cha Nne cha King's African Rifles, kilichokuwa na makao yake Jinja, kilikuwa kimepelekwa huko kupigana na Mau Mau. Kwa hiyo katika miaka ile ile mji wa Jinja uliipelekea Kenya vitu viwili: askari na umeme. Vyote viwili vilikwenda kuwahudumia wenye viwanda, mashamba na nyumba za Nairobi, na vyote viwili vilipita Tororo.

Je, mwananchi wa Bukedi, kama wilaya yote ile ilivyoitwa wakati huo, alipata nini? Alipata minara. Njia ya umeme wa volti 132,000 ilikatiza mashamba, na chini yake mtu hakuruhusiwa kujenga nyumba wala kuacha mti ukue. Usiku ulipoingia aliwasha kibatari chake cha mafuta ya taa, juu yake ukipita umeme wa kuendesha kiwanda kizima.

Hapa lazima tuwe waadilifu. Wapo wanaodhani kwamba ilitosha mtu apande mnarani achukue kidogo. Sivyo. Umeme wa nguvu ile haushikiki. Ni lazima kwanza uingie katika kituo cha kuupunguza, ushuke hadi volti elfu 33 au elfu 11, usafiri tena kwa nguzo za miti, ushushwe mara ya pili kwa transfoma hadi volti 240, ndipo uingie nyumbani bila kuua mtu. Kila hatua ina gharama yake, na kijiji chenye nyumba zilizotawanyika mashambani hakiwezi kurudisha gharama hiyo kwa kuwasha taa mbili kila nyumba. Hesabu hiyo ni ya kweli, nayo mkoloni aliijua vizuri. Lakini hesabu hiyo hiyo ilikubali kuvuka bonde la Ufa hadi Nairobi, na ilikataa kuteremka maili tatu hadi sokoni. Hapo tena hatuzungumzii volti, tunazungumzia nani alihesabiwa kuwa mteja.

Mwaka ule ule nyaya zilipofika Nairobi, tarehe 17 Machi 1958, Marekani ilirusha angani chombo kidogo kiitwacho Vanguard 1, kikiwa na vipande vya silikoni vya kuchukua umeme wa jua. Chombo hicho kimekufa sauti tangu zamani, lakini bado kinaizunguka dunia. Kwa miaka mingi iliyofuata, umeme wa jua ulibaki kuwa umeme wa angani, kwa sababu bei yake ilikuwa ya angani vile vile.

Uhuru ulikuta minara imesimama. Inastahili tuseme habari za minara hiyo katika miaka mibaya, kwa kuwa wengi wa wasikilizaji wetu wa leo walikuwa hawajazaliwa. Februari 1976 Idi Amin alidai kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ni ya Uganda. Uhasama ukapanda. Juu ya mpaka huo huo uliogombewa, kati ya Tororo na upande wa pili, zilining'inia nyaya zinazounganisha nchi zote mbili. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977: reli ikagawanywa, ndege zikagawanywa, posta ikagawanywa. Minara haikugawanyika, kwa sababu nusu ya njia ya umeme si njia.

Machi 1979 mapigano yalifika mjini Tororo. Tarehe 22 Aprili mwaka huo majeshi ya Tanzania na ya Waganda waliokuwa pamoja nao yaliingia Jinja, na bwawa likakutwa zima. Fikirini, ndugu askari, lingevunjwa ingekuwaje. Wakati huo daraja la barabara kuu lilikuwa juu yake, umeme wa nchi ulikuwa ndani yake, na nyuma yake kuna ziwa. Vita vilipita bila bwawa hilo kuvunjwa. Lililolivunja ni uzembe uliofuata. Vipuri havikununuliwa, mafundi walikimbia nchi, mashine moja baada ya nyingine ikasimama, na ilipofika katikati ya miaka ya 1980 bwawa lilikuwa likitoa sehemu ndogo tu ya nguvu liliyojengewa.

Kenya nayo haikukaa kutazama. Ilijenga mabwawa yake katika mto Tana, Kindaruma mwaka 1968, kisha Kamburu, Gitaru na Masinga, na mwaka 1981 ikawasha mtambo wa kwanza wa megawati 15 pale Olkaria, karibu na Naivasha, unaotumia mvuke wa ardhini. Huo ulikuwa uamuzi wa nchi iliyochoka kutegemea ufunguo ulio mfukoni mwa jirani. Leo takriban sehemu tisa katika kumi za umeme wa Kenya zinatokana na mvuke, maji, upepo na jua.

Kwa upande wetu, mwaka 2000 ulifunguliwa mtambo wa Kiira kando ya Owen Falls, ambayo sasa inaitwa Nalubaale. Lakini Kiira na Nalubaale hunywa maji ya mtungi mmoja. Mvua zilipopungua na maji ya ziwa yakashuka, miaka ya 2005 na 2006, mitambo miwili ikaona njaa ya aina moja, na Uganda ikaingia katika mgawo mkali wa umeme. Wenye umri wangu, tuliokuwa shuleni wakati huo, tunakumbuka kusomea mtihani kwa mshumaa katika shule iliyokuwa na waya ukutani na glopu darini.

Serikali ikakimbilia mafuta. Mitambo ya kuchoma mafuta ikafungwa Kampala, baadaye Namanve, na tangu mwaka 2010 Tororo yenyewe ikawa na kituo cha kuzalisha umeme kwa mafuta mazito. Mafuta hayo hayatoki Tororo. Yanashuka melini Mombasa, yanapita nchi nzima ya Kenya, yanaingia Malaba au Busia. Januari 2008, baada ya uchaguzi wa Kenya, barabara zilipofungwa na reli kung'olewa pale Kibera, Uganda ilikauka mafuta katika siku chache tu. Maafande waliokuwa zamu mpakani miezi hiyo hawahitaji kuelezwa na mtangazaji maana ya kuwa na mlango mmoja.

Tangu hapo kazi kubwa imefanyika. Bujagali, megawati 250, ilizinduliwa mwaka 2012. Isimba, megawati 183, ilizinduliwa mwaka 2019, na Agosti 2022 ikasimama baada ya jengo la mitambo kuingiwa na maji, jambo lililowafundisha watu kwamba bwawa jipya nalo ni kiumbe cha kutunzwa. Karuma, megawati 600, ilizinduliwa Septemba 2024. Na mwezi Oktoba 2017, katika wilaya hiyo hiyo ya Tororo, kiliwashwa kituo cha umeme wa jua cha megawati 10, baada ya kile cha Soroti kilichotangulia Desemba 2016. Miaka 63 baada ya bembea ya New Jersey, jua la Tororo likaingia katika waya ule ule uliobeba maji ya Jinja.

Yaliyotokea Tororo ni tone katika bahari. Bei ya kujenga na kuendesha vituo vikubwa vya umeme wa jua, kwa kila kizio cha umeme unaotoka, ilishuka kwa takriban asilimia 90 kati ya mwaka 2010 na 2023, na sababu kubwa ilikuwa viwanda vya China. Mwaka 2024 peke yake dunia iliongeza megawati zipatazo 585,000 za nishati jadidifu, yaani ile isiyokwisha kwa kutumiwa, na zaidi ya sehemu tisa katika kumi za uwezo wote mpya wa umeme mwaka huo zilikuwa za aina hiyo. Hiyo ni kama kujenga Karuma 975 ndani ya mwaka mmoja, ingawa lazima tukiri kwamba megawati ya jua hulala usiku na megawati ya Karuma hailali.

Hata hivyo mtambo bila waya ni mapambo. Jirani zetu walijifunza hilo karibu na ziwa Turkana. Huko yalisimamishwa mapanga 365 ya upepo, yenye uwezo wa megawati 310, na kazi hiyo ikamalizika mwaka 2017. Yakasimama yakizungushwa na upepo bila kumfaa mtu, kwa sababu njia ya umeme ya zaidi ya kilomita 400 kwenda Suswa haikuwa tayari. Umeme wake ulianza kutumika Septemba 2018.

Hapo ndipo tunarudi kwenu, ndugu askari na polisi. Tarehe 11 Januari 2022 Kenya ilizama gizani nchi nzima baada ya minara ya njia ya Kiambere hadi Embakasi kuanguka, na serikali ikasema kwamba vyuma vyake vilikuwa vimeibwa. Hapakuwa na bomu wala jeshi la adui, bali mtu mwenye spana, na mwingine mwenye mizani ya kununua vyuma chakavu. Uganda inajua ugonjwa huo, na sheria ya umeme iliyorekebishwa mwaka 2022 iliongeza adhabu kwa wanaoharibu au kuiba vifaa vya umeme na kwa wanaovinunua. Kati ya hao wawili, mimi naona mnunuzi ndiye mkubwa wa kosa. Mwizi wa chuma cha mnara hana soko kijijini kwake; analipata mjini, katika ua wenye geti, na geti hilo polisi wa mji wanalijua.

Lakini adhabu peke yake haijawahi kulinda kilomita mia za nyaya. Aliye karibu na mnara usiku ni mwanakijiji, na askari hufika asubuhi. Mwanakijiji huyo ana miaka 70 akiambiwa kwamba mnara ni mali yake, huku babu yake, baba yake na yeye mwenyewe wakinunua mafuta ya taa. Mwaka 2018 ilipitishwa sera ya kuwaunganishia wananchi umeme bila malipo, na utekelezaji wake ukakwama mara kwa mara kwa upungufu wa fedha. Hata pale nguzo zilipofika kwenye kituo cha biashara, nyumba iliyo nusu maili ndani ya mashamba hubaki ikitazama taa za wenzake. Si ajabu basi asipopiga simu anaposikia spana inagonga chuma usiku.

Jua liliifikia nyumba hiyo kwa njia nyingine. Huko Kenya, tangu miaka ya 1980, walimu na wakulima wa kahawa na chai walianza kununua paneli moja moja na betri ya gari, hasa kwa ajili ya televisheni. Baada ya huduma ya M-Pesa kuanza mwaka 2007, kukawezekana kulipa kidogo kidogo kwa simu, na kuanzia mwaka 2012 kampuni zikaanza kuuza taa za jua kwa mkopo wa namna hiyo, biashara ikavuka mpaka ikaingia Uganda. Umeme wa bwawa ulianzia kwa mteja mkubwa ukawa unateremka pole pole. Huu ulianzia kwenye bati la nyumba ya mteja mdogo kabisa. Haukungoja transfoma.

Tusiutukuze kupita kiasi. Nilipopita Nabuyoga niliona paneli juu ya duka, simu kumi na kitu zimepangwa mezani zikichajiwa, na kinyozi akinyoa kwa mashine. Niliona pia betri zilizokufa zimerundikwa nyuma ya nyumba, na taa za bandia zilizodumu mwezi mmoja. Paneli ya bati moja haisagi mahindi wala haichomelei geti. Jikoni bado kunawaka kuni, kama Kampala kunavyowaka makaa. Na paneli nayo huibwa, tena kwa urahisi kuliko chuma cha mnara, na aliyeibiwa hana kampuni ya kumlilia. Anakuja kituoni kwenu. Kesi ya paneli moja ni ndogo katika kitabu cha mashtaka. Kwa mwenye nyumba ile ni bwawa lake zima limechukuliwa.

Sasa ile njia ya zamani ya mwaka 1958 imepata mwenzake mkubwa, njia ya volti 220,000 iliyojengwa kutoka Bujagali kupita Tororo hadi Lessos nchini Kenya. Uganda inauza umeme kuvuka mpaka kama zamani, safari hii kwa mkataba wake yenyewe na kwa faida ya hazina yake yenyewe. Usiku huu wapo askari zamu kwenye kituo cha umeme cha Tororo, na huenda mmoja wao ni kijana wa Nabuyoga. Juu ya kichwa chake unapita umeme unaokwenda Kenya. Nyumbani kwa mama yake inawaka taa moja ya jua, ambayo malipo yake anayatuma yeye kwa simu kila mwisho wa mwezi, na imebaki miezi minne deni liishe.